Uzi Chini ya Ulimi

Kuna mgonjwa mmoja ninayemfikiria mara nyingi, ingawa alikufa karibu miaka elfu mbili iliyopita na hakuna aliyeandika jina lake. Anatajwa na Aulus Cornelius Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza aliyeandika kitabu kikubwa cha tiba, De Medicina. Akifika kwenye upasuaji wa kinywa, Celsus anawazungumzia watu waliozaliwa na ulimi ulioshikwa chini, na anaeleza la kufanya: ncha ya ulimi ishikwe kwa koleo, utando ulio chini yake ukatwe, na mkataji ajihadhari na mishipa ya damu iliyo jirani. Wengi wakipona husema. Kisha anamtaja huyu mmoja. Alikatwa, kidonda kikafunga, akaweza kuutoa ulimi nje kupita meno, na bado hakusema. Celsus hatafuti sababu. Anakubali tu kwamba tiba ile ile haimletei kila mtu matokeo yale yale, halafu anaendelea na maradhi mengine.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nimezoea vyanzo vinavyonyamaza pale ninapotaka viendelee. Lakini kimya hiki kilinikera kuliko vingine, kwa sababu wakati nakisoma nyumbani kwetu Songwa kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu na nusu aliyekatwa uzi wa ulimi wiki tano zilizopita, na bado hakuwa akisema.

Mtoto huyo ni mpwa wangu, wa dada yangu mkubwa. Songwa ni kata ya wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Mtu wa Dar es Salaam akiniuliza natoka wapi humtajia Mwadui kwanza, maana Songwa haimwambii kitu. Mwadui ina historia yake vitabuni: John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi pale mwaka 1940, na mgodi ukajenga mji wake wenye shule, hospitali na uwanja wa ndege. Sisi tulikuwa watu wa nje ya uzio. Pamba, mtama, choroko, ng'ombe, na vumbi la Agosti.

Niseme kwanza uzi wenyewe ni nini. Inua ulimi wako mbele ya kioo. Utaona utando mwembamba unaounganisha sehemu ya chini ya ulimi na sakafu ya kinywa. Kila mtu anao. Kwa watoto wengine ni mfupi, au mnene, au umeshika karibu sana na ncha, na mtoto akijaribu kuutoa ulimi nje, ncha inajikunja na kufanya umbo la kopa. Watu huuita udata, wengine husema tu mtoto kafungwa ulimi. Kwa karne nyingi waganga waliuona kama kamba: ikate, kilichofungwa kitafunguka. Mwaka 2019 Nikki Mills, daktari wa New Zealand, alichapisha na wenzake uchunguzi wa maiti ulioonyesha kwamba si kamba hata kidogo. Ni mkunjo wa tabaka linalotanda sakafu nzima ya kinywa, linaloinuka ulimi unapoinuka, kama turubai unapolivuta katikati. Kamba ukiikata, kazi imekwisha. Turubai haliko hivyo.

Mpwa wangu alipozaliwa hakuna aliyemwangalia chini ya ulimi. Alinyonya kwa shida. Alikuwa akishika titi, analiachia, analia, anashika tena, na chuchu za dada zilichanika hadi akawa anauma khanga kila mtoto anapoletwa. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulilala. Mahali fulani, ambapo sitapataja, aliambiwa maziwa yake ni machache. Kwa hiyo mtoto akalelewa kwa kikombe na kijiko, maziwa ya ng'ombe kisha uji, na akaishi. Nalisema hili kwa makusudi. Katika nyumba kama yetu chupa na maziwa ya kopo havikuwa njia ya kutorokea.

Bibi yetu alikuwa na maelezo yake tangu wiki ya pili. Mtoto ana kimeo.

Hapa inanibidi niingie kwenye historia ya kwetu, kwa sababu bila hiyo utamwona bibi kama mtu wa kuchekwa, na hakuwa hivyo. Malalamiko ya mama mwenye mtoto mchanga ni yale yale popote: hanyonyi vizuri, anatapika, anakohoa, analia usiku, haongezeki, anachelewa kusema. Kinachobadilika ni mshtakiwa. Katika sehemu kubwa ya Tanzania mshtakiwa wa zamani zaidi ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Fundi huja na kifaa chake, mtoto anashikwa, kimeo kinakatwa. Mwaka 1965 Haddock na Chiduo walichapisha makala ya kitabibu kuhusu desturi hiyo kwenye pwani ya Tanganyika, na tangu hapo hospitali zetu zimeendelea kupokea watoto wanaotoka damu, wenye vidonda vilivyooza, wengine wakiwa wamechelewa mno.

Miaka ya 1980 akatokea mshtakiwa mpya: meno ya plastiki, ambayo wengine waliyaita ya nailoni. Kwenye ufizi wa mtoto mchanga, pale chonge litakapoota, huonekana uvimbe mweupe. Ni jino la utoto linalojiandaa, lakini mtoto akiharisha au kupata homa, uvimbe ule ukawa ndio ugonjwa. Ukachimbwa, pengine kwa spoku ya baiskeli. Mwanaanthropolojia Brad Weiss aliandika mwaka 1992 jinsi Wahaya wa Kagera walivyoyazungumzia meno haya, na namna hata jina la plastiki lilivyobeba hofu ya vitu vipya vilivyokuwa vikiingia majumbani. Mwaka 1997 Kikwilu na Hiza walichapisha utafiti wao kuhusu ung'oaji huo hapa Tanzania. Ukiyasoma haya yote kwa pamoja, jambo moja linajirudia. Mama analeta tatizo la kulisha, anarudi nyumbani na jeraha, na tatizo la kulisha hakuna aliyeliangalia. Hakuna aliyekaa kwenye kigoda akamtazama mtoto akinyonya toka mwanzo hadi mwisho.

Dada alikataa kimeo kisikatwe. Yeye na bibi hawakusemeshana vizuri kwa msimu mzima wa pamba.

Sasa, kabla hatujajiona sisi ndio wenye visu, tuvuke bahari. Ulaya ya karne ya 17 na ya 18 ilikuwa na wakunga waliofuga ukucha mmoja mrefu, wakaunoa, na mtoto akizaliwa wakaupitisha chini ya ulimi wake. Kwa baadhi yao lilikuwa jambo la kawaida kwa kila mtoto, kama kukata kitovu. Madaktari wa upasuaji waliwalaumu, kwa sababu za kweli, na pia kwa sababu mkunga alikuwa mwanamke anayewanyang'anya kazi. Jean-Louis Petit, daktari wa Paris aliyefariki mwaka 1750, aliandika kuhusu watoto waliokatwa kupita kiasi wakapaliwa na ulimi wao wenyewe. Kinahusishwa naye kifaa kidogo chenye bapa lililochanwa katikati: ulimi unainuliwa, utando unaingia kwenye mpasuko, mkasi unapita salama. Kifaa cha aina hiyo kinatumika hadi leo. Nimekiona kwenye trei ya chuma, na nikashangaa kwamba hakijabadilika sana kwa karibu miaka mia tatu.

Kisha kisu kikapata kiburi. Mwaka 1841 huko Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, mmoja wa wapasuaji hodari wa enzi zake, alianza kuwatibu wenye kigugumizi kwa kukata kipande cha ulimi kwenye shina lake. Dawa ya usingizi ya etha ilikuwa bado miaka mitano mbele. Wagonjwa walikuwa macho. Wenzake Ulaya nzima walimwiga kwa muda mfupi, damu ikamwagika, kigugumizi kikarudi, na mtindo ule ukafa. Sidhani kama kuna kisa kinachoeleza vizuri zaidi kwamba kusema si nyama tu. Wagiriki walikuwa na kisa tofauti, cha Demosthenes aliyejizoeza kuhutubia akiwa na kokoto mdomoni, ambacho Plutarch alikihifadhi. Kiwe kweli au hadithi, Demosthenes ndiye pekee katika orodha hii ambaye anakumbukwa kwa mazoezi yake.

Mazoezi hayaachi kumbukumbu, ndiyo shida. Kisu kina tarehe, kina jina la daktari, kina mchoro kitabuni. Mtu anayekaa na mtoto kila jioni akimrudishia silabi moja hana chochote cha kuweka makumbusho. Kazi ya tiba ya matamshi ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka 1925, na Uingereza chuo chake cha kitaaluma kilianzishwa mwaka 1945, vita vikiwa vimeacha majeruhi wengi wa kichwa waliohitaji kujifunza kusema upya. Afrika Mashariki tulingoja hadi mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha shahada ya fani hiyo. Tangu mgonjwa wa Celsus hadi hapo ni karibu karne ishirini.

Katikati ya karne iliyopita uzi wa ulimi ulikaribia kusahauliwa huko Magharibi. McEnery na Gaines walichapisha mwaka 1941 taarifa ya wagonjwa 1,000 wenye matatizo ya kusema, na kati yao wanne tu ndio waliokuwa na uzi mfupi isivyo kawaida. Kwa hiyo ulimi haukuwa mshtakiwa mkuu wa usemi. Na kwa upande wa kulisha, chupa ilikuwa imeingia. Mtoto mwenye ulimi ulioshikwa hushindwa titi lakini mara nyingi huweza chupa, maana chuchu ya mpira haidai kazi ile ile. Kwenye titi ulimi unatakiwa uvuke ufizi wa chini, ujikunje kama kijiko, ulikumbatie titi, halafu ushuke na kupanda bila kuliachia. Chupa ilificha ulimi uliofungwa kwa vizazi viwili.

Ulirudi pale kunyonyesha kuliporudi. Mwaka 1991 WHO na UNICEF walizindua mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, akina mama wakahimizwa kunyonyesha, na wale walioshindwa wakaanza kuuliza kwa nini. Kule Southampton, Uingereza, Hogan na wenzake walichapisha mwaka 2005 jaribio dogo lililotikisa mambo. Watoto 57 wenye shida ya kunyonya na ulimi ulioshikwa waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likakatwa uzi mara moja, jingine likapewa msaada wa kitaalamu wa kunyonyesha. Katika kundi la pili aliyepata nafuu ni mtoto mmoja. Katika la kwanza, karibu wote.

Basi pendulo ikaenda upande wa pili. Nchi tajiri zikaanza kukata sana. Laser zikaja, kliniki binafsi zikaja, na uzi wa ulimi ukabebeshwa lawama za usingizi mbaya, gesi tumboni, mpaka mkao wa shingo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio matano yenye watoto 302 na yakakuta kwamba kukata hupunguza maumivu ya chuchu za mama kwa muda mfupi, ila kuhusu mtoto kunyonya vizuri zaidi majibu hayakuwa ya aina moja. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikawataka madaktari wasikimbilie mkasi, wamtazame kwanza mama na mtoto wakinyonyeshana. Nilipoisoma taarifa hiyo nilimkumbuka bibi. Wamarekani nao walikuwa wamepata kimeo chao.

Brazil walifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 2014 iliagiza kila mtoto anayezaliwa hospitalini akaguliwe uzi wa ulimi, na nyuma ya ukaguzi huo walikuwepo wataalamu wa matamshi, si wapasuaji peke yao. Wapo wanaoipinga sheria ile, wakisema inaongeza ukataji usio wa lazima. Lakini mimi kama mwanahistoria naona nani kakaa kwenye kiti: mtu ambaye kazi yake ni kutazama ulimi ukifanya kazi, kabla ya mkasi na baada yake.

Sisi tulimpata mtu wa namna hiyo kwa simu. Tanzania wataalamu hawa ni wachache mno, na wetu alikuwa Dar es Salaam. Shinyanga mpaka huko ni safari ya basi ya siku nzima, kwa hiyo ilikuwa video za WhatsApp, nazo zilitumwa usiku kwa sababu kifurushi cha usiku ni nafuu. Tulimpigia baada ya kukata, si kabla. Ilikuwa imepita miezi tangu daktari mmoja wa meno aliyekuja shuleni kwangu kukagua wanafunzi anichunguzie mpwa wangu kwa hisani, ainue ulimi wake kwa kijiti na kusema, "Huyu kashikwa hadi nchani." Hapo ndipo safari ya Mwanza ikapangwa. Mtoto akalazwa usingizi, kazi ikafanyika kwa dakika chache. Kwa mtoto wa wiki mbili wangemviringisha tu kwenye kitambaa na kukata bila usingizi, akanyonya palepale. Kwa wa miaka mitatu haiwezekani, atauma vidole vya daktari. Tukapewa dawa ya maumivu na karatasi ya kurudi baada ya wiki mbili. Kuhusu mazoezi hakuna aliyesema neno.

Kidonda chini ya ulimi uliokatwa kina umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, umbo ambalo kwenye karata tunaliita uru na ambalo mtoto wa Mwadui angeliita almasi. Siku ya tatu kiligeuka cheupe chenye umanjano. Dada alifikiri ni usaha, akataka kurudi. Si usaha, ni utando wa kawaida wa kidonda cha kinywani, lakini mtu asiyeambiwa atajuaje? Baada ya wiki mbili kikawa kimefunga. Ulimi ulitoka nje ya meno vizuri tu. Na mtoto akaendelea kusema mama, baba, kaka, na ng'ombe, kama zamani.

Hayo maneno manne yalimfurahisha mtaalamu wetu kuliko nilivyotarajia. Tulipompigia, swali lake la kwanza halikuhusu ulimi. Aliuliza kama mtoto amepimwa masikio. Nilidhani hajanisikia. Akarudia. Mtoto asiyesikia vizuri hachelewi kusema kwa sababu ya uzi, na ukikata uzi umemtibu mtoto mwingine. Nikakumbuka kisa cha Injili ya Marko, sura ya 7, cha yule mtu kiziwi mwenye usemi mzito: masikio yake ndiyo yaliyofunguka kwanza, kifungo cha ulimi baadaye. Nimekisikia kanisani maisha yangu yote bila kuutazama mpangilio. Masikio ya mpwa wangu yalipimwa, yakawa mazima.

Swali la pili: anasema nini? Tukamtajia. Akacheka. "Mama, baba, zinatengenezwa na midomo. Kaka ni shina la ulimi. Ng'ombe ni shina na midomo. Mtoto wenu amekusanya kila sauti isiyohitaji ncha ya ulimi." Ilikuwa kweli. Katika kamusi yake ndogo hapakuwa na l, t, d, n wala s. Dada yake mdogo aliitwa kwa jina lenye n mbili, na yeye alimwita kwa irabu tupu. Miaka mitatu mtoto huyu alikuwa amejitengenezea lugha inayopita pembeni ya kizuizi, kama maji. Kumwondolea kizuizi hakukumfundisha njia mpya. Ulimi ulikuwa huru, na haukuwa na kazi.

Hapo ndipo nilipomwelewa mgonjwa wa Celsus, au nilidhani nimemwelewa.

Mazoezi yenyewe hayana utukufu wowote. Paka uji kwenye pembe ya mdomo, aulambe bila kutumia mkono. Kisha pembe nyingine, kisha mdomo wa juu, ambao ulimchukua siku tisa. Agonge ulimi kwenye kaakaa, ile sauti anayoitoa mchungaji akihimiza ng'ombe. Mtaalamu alitutahadharisha kwamba hayo ni ya kuuzoesha ulimi sehemu mpya tu, na kwamba kulamba hakumfundishi mtu kusema. Sauti hufundishwa kwa sauti. Ushahidi wa mazoezi ya ulimi bila maneno ni dhaifu, alisema, na wale wanaowaamuru wazazi kusuguasugua kidonda mara sita kwa siku ili kisifunge wanaweza kumfanya mtoto aogope kitu chochote kinachokaribia mdomo wake. Kwa hiyo baada ya wiki ya kwanza tukaingia kwenye silabi. La. Lala. Lima. Lete. Dakika tano asubuhi, tano jioni, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi, mbele ya kioo cha kunyolea cha baba.

Asiyekuwa na dakika tano ndiye mwenye mtoto wa namna hii. Dada huamka saa kumi na moja kufuata maji. Ilimwangukia bibi.

Bibi alipoelezwa kwamba tunataka ncha ya ulimi ipande na kushuka haraka, alitutazama kama watu tuliosoma mpaka tukapungukiwa. Akaweka chini ungo wake, akapiga kigelegele. Jaribu sasa hivi, popote ulipo, uone ulimi wako unafanya nini. Hakuna zoezi kwenye karatasi yoyote niliyoisoma lililo zuri kama hilo, na mtoto hakuhitaji kubembelezwa. Kwa mwezi mzima nyumba yetu ilisikika kama ya harusi. Majirani walikuja kuuliza nani anaolewa. Mtaalamu alipotumiwa video alituandikia tuendelee, na akaomba ruhusa ya kuwapa wazazi wengine.

Katika Qurani, sura ya 20, Musa anapotumwa kwa Firauni anamwomba Mungu amfungulie fundo la ulimi ili watu wafahamu maneno yake. Rafiki yangu mwalimu wa dini ya Kiislamu ndiye aliyenionyesha kinachofuata baada ya hapo, ambacho mimi sikukijua: anaomba pia apewe mtu wa kumsaidia kutoka katika watu wake, Harun, nduguye. Maombi yote mawili yako pamoja, yanafuatana.

L ya kwanza ilitoka siku ya thelathini na nane, katika neno "lala", akimwambia mbuzi. T na d zilifuata kwa wiki chache. S ilikawia. Sitasema ni mazoezi yaliyofanya hivyo, wala kukata, wala umri. Watoto wa miaka minne hupata sauti mpya hata wasipofanyiwa lolote, na mtoto mmoja si utafiti. Dada haoni haja ya kugawa sifa. Yeye ana daftari la shule lenye mistari, lenye tarehe na silabi, na vibao vya alama ya vema na kosa alivyoiga kutoka kwangu. Mke wa fundi baiskeli wa Maganzo alikuja kulinakili, ana mtoto wa miezi miwili ambaye hashiki titi. Dada alimzuia. Alimwambia daftari hilo ni la mtoto mkubwa. Akamvutia kigoda, akakaa naye, akasema, "Mnyonyeshe hapa nimwone."

Mpwa wangu sasa yuko shule ya awali. Muhula uliopita mwalimu wake alituita kwa wasiwasi, akasema mtoto ana kasoro ya ulimi, hawezi kutamka r. Anasema "kalamu" vizuri lakini "karatasi" inakuwa "kalatasi". Nilimwuliza kama watoto wengine darasani wanaitamka. Kisukuma hakina r, na hapa kwetu hata mwenyekiti wa kijiji akihutubia uchaguzi huwaomba wananchi wakapige kula. Mwalimu alifikiri kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole, akacheka, akasema na yeye mwenyewe mpaka alipofika chuo cha ualimu hakuwa nayo.

Tulimwambia asimsahihishe kwanza. Bado tuko kwenye s.